Mlima Ukiamka Kisiwani, Siku za Kwanza ni za Wenyeji

Ukikaa Arusha, swali la volkano ni moja tu: Meru italipuka tena? Wanauliza wanafunzi wakitoka kwenye kipindi cha jiografia, wanauliza wageni mlima unapojitokeza asubuhi, wanauliza hata waliozaliwa na kukulia miguuni pake. Wataalamu wanajibu kwamba Meru imelala, haijafa. Mara ya mwisho ilitoa jivu kidogo mwaka 1910, na kwa umri wa mlima hiyo ni jana. Lakini tarehe ya mlipuko ujao hakuna anayeijua, na kuling'ang'ania swali hilo kunatusahaulisha maswali mengine ambayo majibu yake yapo. Nani atatoa taarifa? Watu watapita wapi? Watakunywa maji gani? Mwezi wa pili watakuwa wanalala wapi, na nani atawaambia sasa rudini?

Watu wa visiwani wameyajibu maswali haya yote, mara nyingi kwa msiba. Kisiwani huwezi kupanda basi ukaenda kwa ndugu mkoa wa jirani. Msaada unakuja kwa meli, nayo meli inangoja bahari itulie. Kwa hiyo kila udhaifu wa maandalizi unaonekana wazi, na mapema. Ndiyo maana naamini mtu wa Arusha au Moshi anayetaka kuielewa hatari ya volkano aanze na visiwa, kisha arudi kuliangalia Bonde la Ufa.

Jirani yetu Ngazija

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kama kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, katika Visiwa vya Komoro, upo mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361, moja ya volkano zenye shughuli nyingi katika Bahari ya Hindi. Umejenga sehemu kubwa ya kisiwa cha Ngazija, na mji mkuu, Moroni, uko miguuni pake. Watu wake ni ndugu zetu kwa lugha na kwa damu; Wangazija wamekaa Zanzibar na pwani yetu vizazi kwa vizazi.

Mwaka 1977 lava ya Karthala ilishuka mpaka kijiji cha Singani ikafunika nyumba. Mwaka 2005 mlima ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na safari hii kilichotoka kwa wingi kilikuwa jivu. Maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao. Lakini pigo lililoenea zaidi lilikuja kwa njia ambayo wengi wetu tusingeifikiria: baada ya mlipuko wa Novemba, zaidi ya watu laki moja walijikuta hawana maji salama ya kunywa.

Sababu ni jiografia yenyewe ya kisiwa. Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha kwa wingi, ila miamba ya volkano ina matundu na nyufa, maji yanazama chini kabla hayajafanya mkondo. Vijiji vingi, hasa vya milimani, vinaishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa na kuwekwa kwenye mabirika. Jivu liliangukia mapaa, mvua ikalisomba, mabirika yakachafuka. Mtu aliyekuwa mbali kabisa na kasoko, lile shimo la kileleni, ambaye hakuona moto wala kusikia mshindo mkubwa, alifikiwa na volkano jikoni kwake.

Mipango mingi ya maafa inakosea hapo. Inachora duara kuzunguka kilele na kuandika "hatari" ndani, "salama" nje. Kisiwa kidogo hakina nje.

Hatari moja haifanani na nyingine

Tunaposema "volkano imelipuka" tunachanganya mambo ambayo kila moja lina mwendo wake na dawa yake. Lava, ile tunayoiona zaidi kwenye video, mara nyingi ndiyo ya kuogopwa kidogo kwa upande wa roho za watu, maana aghalabu inatembea polepole. Inameza nyumba, mashamba na barabara, lakini watu wengi hupata muda wa kuondoka. Kwenye kisiwa cha Fogo, Cape Verde, mlipuko ulioanza Novemba 2014 ulifunika vijiji vya Portela na Bangaeira ndani ya bonde la Chã das Caldeiras, na hakuna aliyekufa.

Kinachoua kwa ghafla ni wingu la moto, yaani mchanganyiko wa gesi, jivu na mawe wenye joto la mamia ya nyuzi, unaoporomoka kwenye mteremko kwa kasi ya gari la mashindano au zaidi. Huwezi kuukimbia, na nyumba si kinga. Tarehe 8 Mei 1902 wingu la namna hiyo kutoka mlima Pelée, kisiwani Martinique katika Karibi, liliufuta mji wa Saint-Pierre na watu wapatao 28,000 kwa dakika chache. Kwa hatari ya aina hii onyo lina maana moja tu: uwe umeshaondoka kabla.

Gesi ni adui mwingine, tena asiyeonekana. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya mabondeni, kwenye mashimo na vyumba vya chini. Gesi za salfa nazo zinaweza kufanya kisiwa kisikalike muda mrefu baada ya mlipuko kutulia. Huko Japani watu wote wa Miyakejima, karibu 3,800, waliondolewa Septemba 2000, na hawakuruhusiwa kurudi hadi Februari 2005 kwa sababu mlima uliendelea kupumua salfa. Walioanza kurudi walitakiwa kutembea na vinyago vya gesi.

Halafu kuna matope. Jivu likikaa mlimani linangoja mvua, mwezi mmoja au miaka kadhaa baadaye, ndipo linashuka pamoja na mawe na magogo. Sisi huku tumeuona ukoo wa hatari hii bila mlipuko wowote. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yalishuka kutoka mlima Hanang, ambao ni mlima wa volkano, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Volkano iliyolala inabaki kuwa lundo refu la miamba iliyochakaa lenye mteremko mkali.

La mwisho ni bahari. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau, Indonesia, uliporomokea baharini usiku ukazua tsunami iliyoua zaidi ya watu 400. Mfumo wa tahadhari wa nchi ulikuwa umetegwa kusikiliza matetemeko makubwa ya ardhi. Usiku ule halikutokea tetemeko kubwa, kwa hiyo wimbi likafika pwani kabla ya onyo.

Mtu akisema kijiji "kimejiandaa kwa volkano," basi, muulize: kwa ipi kati ya hizi?

Jivu, paa na tangi

Nataka tukae kidogo kwenye jivu, kwa sababu ndilo linalowafikia watu wengi kuliko yote, na ndilo ambalo familia ya kawaida inaweza kupambana nalo kwa mikono yake.

Jivu la volkano si jivu la kuni. Ni vipande vidogo vya mwamba na kioo vilivyosagika, haviungui wala haviyeyuki majini, na vina makali. Yanakwaruza macho, yanaingia kifuani, yanaziba chujio la hewa la gari na kuua jenereta. Tena ni mazito. Sentimeta 10 za jivu kavu juu ya mita moja ya mraba ya paa zinaweza kufika kilo 40 hadi 70, na likilowa uzito unaweza kukaribia maradufu. Paa la mabati la mita nne kwa tano, juu ya mbao nyembamba, linaweza kubeba ghafla zaidi ya tani moja. Ndiyo maana katika milipuko mingi watu hufa ndani, chini ya mapaa yao, wakiwa wamejificha kama walivyoambiwa. Jivu linapaswa kuondolewa mapema, kabla mvua haijaligeuza zege, na anayepanda juu afungwe kamba kwa sababu bati lenye jivu linateleza vibaya.

Kuhusu maji, kinga bora ni rahisi mno kiasi kwamba inadharauliwa. Nyumba nyingi za mteremko wa Meru na Kilimanjaro zina bomba la plastiki linalotoka kwenye mfereji wa paa na kuingia kwenye simtanki. Tahadhari ikitolewa, chomoa bomba hilo. Funika tangi kwa mfuniko wake na turubai, ziba tundu la bomba kwa plastiki na kamba ya mpira. Tangi lililojaa na kufungwa ni maji ya familia kwa siku nyingi. Lililoachwa wazi ni kazi ya kumwaga na kusugua huku hakuna maji ya kusugulia. Bomba lisirudishwe mpaka paa limefagiwa na mvua ya kwanza imeoshea nje. Kazi hiyo ni ya robo saa kwa kijana mmoja, na katika kisiwa kama Ngazija robo saa hiyo ikifanyika nyumba kwa nyumba inapunguza shehena ya maji inayosubiriwa bandarini.

Ipo pia floridi. Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana, maana meno ya rangi ya kahawia tunayaona mitaani kila siku. Yanatokana na maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi. Jivu jipya nalo hubeba floridi juu yake, na wa kwanza kudhurika huwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa kuwa wanakula majani pamoja na kilichoyaangukia. Kwa jamii inayoishi kwa mifugo, chakula cha akiba cha wanyama na sehemu ya kuwahamishia si suala la "baadaye." Mfugaji hataondoka akiacha kundi, na hatuna haki ya kumshangaa.

Kuondoka

Usiku wa tarehe 23 Januari 1973 ardhi ilipasuka pembeni kabisa ya mji kwenye kisiwa cha Heimaey, Iceland, chenye watu kama 5,300. Kufikia asubuhi karibu wote walikuwa wamevushwa hadi nchi kavu. Siku iliyotangulia kulikuwa na dhoruba, hivyo meli zao za uvuvi hazikwenda baharini. Zilikuwa zimetia nanga bandarini. Baadaye walipambana na lava kwa kuimwagia maji ya bahari kwa pampu kubwa ili isizibe bandari, kwa sababu walijua kisiwa bila bandari hakina maisha. Bandari ilipona na wengi walirudi.

Bahati kama ile haiwezi kuwa mpango. Jamii ya kisiwani inayotaka kulala usingizi lazima ijue vyombo vyake: viko vingapi, vinabeba watu wangapi, mafuta yako wapi, manahodha ni nani, na kama gati kuu limefungwa kwa jivu au mawimbi watapakilia ufukwe gani. Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya kusini, iko karibu kilomita 2,800 kutoka Cape Town. Mwaka 1961, baada ya wiki kadhaa za matetemeko, ardhi ilivimba na kupasuka jirani na kijiji chao cha pekee. Watu 264 waliondoka kwa mashua zao ndefu hadi kwenye meli za kuvua kambakoche zilizokuwa karibu, wakalala kisiwa cha jirani cha Nightingale, kisha meli ya abiria ikawapeleka Cape Town na hatimaye Uingereza. Hakuna jeshi lililowaokoa siku ile. Mashua zilikuwa zao, na waliijua bahari yao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni St Vincent, katika Karibi. Mwaka 1902 mlima Soufrière uliua watu wapatao 1,600. Mwaka 1979 ulilipuka tena, watu wakaondolewa, hakuna aliyekufa. Desemba 2020 wakaona kuba jipya la lava linakua ndani ya kasoko. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa matetemeko cha Chuo Kikuu cha West Indies walihamia kisiwani na vifaa vyao, na Profesa Richard Robertson, mwenyewe mzaliwa wa huko, akawa anawaeleza wananchi kinachoendelea, kwa lugha yao na bila kuwaficha. Jioni ya tarehe 8 Aprili 2021 serikali iliamuru watu wa kaskazini waondoke. Asubuhi ya tarehe 9 mlima ulilipuka. Karibu watu 20,000 walihama, katikati ya janga la UVIKO-19, na mlipuko wenyewe haukuua mtu.

Vifaa peke yake visingefanya hivyo. Seismometa inasikia mitetemo ya miamba inayopasuliwa na magma, yaani uji wa miamba unaopanda kutoka chini. Vipokezi vya GPS vinaonyesha mlima unavyovimba kwa milimita. Vipimo vya gesi na picha za setilaiti vinaongeza ushahidi. Vyote hivi vinamwambia mtaalamu kwamba jambo linakuja. Havimlazimishi mzee wa miaka sabini kufunga mlango na kuacha kuku. Hiyo ni kazi ya uaminifu, na uaminifu unajengwa katika miaka ambayo mlima umenyamaza, pale mtaalamu anapokuja kijijini bila habari mbaya, akala, akasikiliza, akajibu maswali.

Uaminifu huo unaweza pia kuharibika. Mwaka 1976 huko Guadeloupe, kisiwa kingine cha Karibi, zaidi ya watu 70,000 waliondolewa kwa miezi kadhaa kwa hofu ya mlipuko mkubwa ambao haukutokea, huku wanasayansi wakitupiana maneno hadharani. Wengine hutumia kisa hicho kudai kwamba ni afadhali kungoja. Mimi siafiki. Kuondoka bure ni hasara inayolipika. Kinachotakiwa ni watu waambiwe tangu mwanzo kwamba onyo ni uwezekano, na kwamba wakirudi salama bila kuona moto hawakudanganywa.

Kukaa ugenini, na kiu ya kurudi

Mipango mingi ya maafa inaishia pale watu wanaposhuka kwenye meli. Hapo ndipo sehemu ngumu inapoanza.

Montserrat, kisiwa kidogo cha Karibi, ilikuwa na watu zaidi ya 10,000 wakati mlima Soufrière Hills ulipoamka Julai 1995. Mji mkuu, Plymouth, ukahamwa. Serikali ikachora mstari: kusini marufuku, kaskazini salama. Lakini kaskazini ilikuwa na ardhi kavu, nyumba chache, na kazi hakuna. Watu wakawekwa kwenye makanisa na shule. Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Mtu aliyezoea kujilimia akawa anapanga foleni ya chakula, familia nzima ikilala sehemu iliyotenganishwa na ya jirani kwa shuka. Mashamba mazuri yalikuwa kule kusini, viazi na karoti zikiwa ardhini, na siku nyingi mlima ulionekana mtulivu. Wakaanza kurudi mchana, kidogo kidogo, wengine wakalala huko huko.

Tarehe 25 Juni 1997 wingu la moto lilishuka likaua watu 19 ndani ya eneo lililopigwa marufuku.

Ni rahisi kusema walikaidi. Mimi nasoma kisa hiki tofauti. Walijua hatari ilipo, maana ramani ilikuwepo na mlima waliuona. Walichokosa ni sehemu ya kulima upande ulio salama, na makazi ambayo binadamu anaweza kuyavumilia kwa miaka. Ekari chache za shamba kaskazini, zilizogawiwa mapema, zingefanya kazi ambayo kizuizi cha barabarani hakikuweza. Mwisho wa muongo ule wakazi walikuwa wamepungua chini ya 4,000, wengine wakiwa Uingereza na visiwa jirani. Jamii inaweza kunusurika na mlipuko ikamalizwa na uhamisho.

Watu wa kisiwa cha Ambae, nchini Vanuatu katika Pasifiki, walipitia uchungu huo mara mbili. Septemba 2017 kisiwa chote, watu wapatao 11,000, kilihamishwa kwa mashua na meli. Wakarudi Oktoba. Mlima ukaendelea kumwaga jivu, bustani zikafa, maji yakachafuka, na Julai 2018 wakaamriwa kuondoka tena. Safari ya pili wengi walikwenda shingo upande, kwa kuwa walishajua kinachowangoja: mahema, chakula cha mgawo, watoto kukaa nje ya shule, mashamba na makaburi ya wazee kubaki nyuma. Mahali palipokuwa na makubaliano ya kijadi kati ya familia za visiwa viwili, ya kupokeana na kupeana ardhi ya kulima kwa muda, maisha yalikuwa na heshima zaidi. Makubaliano ya namna hiyo hayaandikwi siku ya mlipuko.

Na tusidhani kwamba watu watakubali kubaki ugenini kwa sababu kuna umeme. Wale wa Tristan da Cunha walipewa nyumba na kazi Uingereza. Karibu wote walipiga kura kurudi, na mwaka 1963 walirudi kwenye kijiji chao chini ya mlima. Mpango wowote wa kupunguza hatari ambao hauna ukurasa wa kurudi utavunjwa na watu wenyewe.

Sauti inapokatika

Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya chini ya bahari ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka, ikatupa jivu na mvuke zaidi ya kilomita 50 angani, ikazua tsunami. Mlipuko uliharibu mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari, na Tonga, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ikapotea hewani. Watongani waliokuwa New Zealand na Australia walikaa siku kadhaa bila kujua kama wazazi wao wako hai. Mkongo wa kimataifa ulichukua kama wiki tano kutengenezwa; visiwa vya nje vilingoja zaidi ya mwaka kupata tena mkongo wao. Pamoja na ukubwa wa mlipuko ule, waliokufa Tonga walikuwa wachache mno, na sababu moja ni kwamba watu waliposikia na kuona dalili walikimbilia sehemu za juu bila kungoja ujumbe wa simu.

Onyo la simu ni zuri mpaka mnara uzime. Kijiji kilichotengwa kinahitaji njia tatu au nne zisizotegemeana: simu ya upepo (redio ya kuzungumziana) yenye betri na sola, simu ya setilaiti moja inayojaribiwa kila mwezi, kipaza sauti cha msikiti au kengele ya kanisa, na mbio za miguu. Na juu ya yote hayo, kumbukumbu. Kisiwani Simeulue, Indonesia, tsunami ya mwaka 1907 iliingia kwenye masimulizi na nyimbo za watoto: ardhi ikitikisika sana na maji yakarudi nyuma, panda mlimani. Desemba 2004, tsunami kubwa ilipokuja, katika kisiwa cha watu zaidi ya 70,000 walikufa saba tu. Ile haikuwa volkano, lakini onyo ni lile lile, nalo halikuhitaji betri.

Kisiwa cha nchi kavu

Sasa turudi huku kwetu. Kaskazini mwa Arusha, karibu na Ziwa Natron, upo Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya magadi katika zama zetu, nyeusi inapotoka na kugeuka nyeupe ikishapoa na kupata unyevu. Julai 2007 matetemeko yaliutikisa ukanda ule, kubwa lao likifika karibu 6, na hata Nairobi watu walitoka maghorofani. Septemba mwaka huo mlima ukalipuka kwa jivu, ukaendelea hadi 2008. Jivu liliangukia malisho na maji, na baadhi ya familia zikahama na mifugo yao.

Engare Sero, Gelai, Naiyobi na maboma yaliyotawanyika kati yao hayajazungukwa na bahari. Yamezungukwa na makorongo. Njia ya gari kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka kwa sehemu kubwa imekuwa ya vumbi, na mvua kubwa ikinyesha korongo linajaa, gari linakaa ng'ambo. Mtandao wa simu katika maeneo mengi ya bonde lile mtu anautafuta kilimani. Duka la dawa liko mbali, gari la wagonjwa liko mbali zaidi. Kwa kipimo chochote cha kupunguza maafa, hicho ni kisiwa.

Ujuzi hauanzi na sifuri. Vipokezi vya GPS vimewekwa kuzunguka Lengai kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Marekani na Korea Kusini, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa kushuka hadi ngazi za chini. Na wafugaji wenyewe wana kinga ya karne nyingi, ambayo ni kuhama. Mfugaji anayejua malisho matatu tofauti na ana ndugu katika kila moja ameshajiandaa kuliko wengi wetu mjini. Kwa sababu hiyo naona kila njia ya mifugo inayofungwa, kwa shamba au kwa uzio, ni njia ya kuondokea iliyofungwa, na jambo hilo linafaa kuandikwa kwenye ramani ya hatari pamoja na kasoko.

Kinachokosekana ni kiungo kati ya kompyuta na boma. Kipokezi kikionyesha Lengai imevimba, taarifa ipite kwa nani, usiku saa nane? Mtendaji wa kijiji? Laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamaasai, ambaye neno lake litatiiwa zaidi ya barua? Waongozaji wa watalii, ambao wako mlimani usiku ule ule na wateja wao, na ndio wenye magari? Wapewe wote namba moja ya kupiga na ujumbe wa Kimaasai uliokubaliwa mapema, unaosema nini kifanyike: mifugo ielekezwe upande ambao upepo hautapeleka jivu, matangi yafunikwe, wapandaji washushwe, watu watoke kwenye makorongo. Upepo wa msimu unajulikana. Maeneo yenye maji ya uhakika yanajulikana. Mkutano wa kijiji mmoja wakati wa kiangazi, wazee, wanawake wanaochota maji na vijana wa kupandisha wageni wakiwa wamekaa pamoja na mtaalamu, unatosha kuanza orodha hiyo, na orodha hiyo isomwe tena kila mwaka kabla ya masika, kwa sababu vijana wanahama, namba za simu zinabadilika, na korongo la mwaka jana si lazima liwe linapitika mwaka huu.